Taa Iliyochelewa Ghalani

Hivi wewe umewahi kuionea wivu taa? Sisemi taa ya jirani inayowaka wakati kwako umeme umekatika. Huo ni wivu mdogo, umeme ukirudi unapoa. Nasema taa kubwa ya ukumbini, ile inayomwagika kutoka juu, nyuma ya vichwa vya watu, ikamshika mtu mmoja tu jukwaani na wengine wote wakabaki gizani. Mimi niliionea wivu taa ya namna hiyo tangu mtoto wangu wa kwanza ananyonya mpaka mtoto huyohuyo akaniletea wajukuu. Aliyekuwa akiiendesha ni mume wangu. Aliyekuwa akishikwa nayo hakuwa mimi.

Tulia nikueleze taratibu, maana ukisikia nusu utasema bibi kachanganyikiwa.

Ukumbi wenyewe ni lile jengo refu la matofali mekundu karibu na reli. Siku hizi wameliandika jina jipya kwa herufi za chuma juu ya mlango, jina refu la heshima, lakini muulize mtu yeyote mtaani atakwambia, "Jumamosi kuna muziki Ghalani." Ghalani, kwa sababu kabla ya muziki kulikuwa na pamba. Baba yangu mdogo alibeba marobota mle ndani mpaka bega lake moja likawa chini kuliko lingine. Pamba ilipohamishiwa ghala jipya, jengo likakaa tupu, popo wakajigawia vyumba. Kisha akaja mfanyabiashara mmoja, akatundika shuka jeupe ukutani akawa anaonyesha sinema. Watu walikuja na viti vyao kutoka nyumbani, na ukisikia ugomvi mtaani asubuhi yake ujue kuna kiti kimebadilishwa. Baadaye jiji likalinunua. Wakajenga jukwaa la mbao, wakafunga viti vyekundu kwa skrubu ili visitembee tena, wakatundika pazia zito rangi ya damu ya mzee, na wakaingiza piano kwa kubomoa dirisha, maana mlangoni ilikataa kupita.

Lakini pamba haikutoka yote. Ilijificha kwenye nyufa za maboriti. Miaka mingi baadaye, bendi ikipiga besi nzito, vinyuzi vyeupe vilidondoka kutoka juu, vyepesi, vinaelea. Waimbaji walikohoa. Ila mwanga wa ile taa ukipita humo ulionekana mzima kama bomba, kutoka kijumba cha juu mpaka jukwaani. Kwa hiyo mtu yeyote aliyekaa Ghalani aliweza kuona mume wangu anatazama wapi. Wake wa wanaume wengine hubahatisha. Mimi nilionyeshwa, na ukumbi mzima ukiwa shahidi.

Kazi yangu ilikuwa kuonyesha watu viti. Nilivaa gauni la kijivu lenye kola nyeupe, mkononi nina tochi ndogo. Safu zilikuwa na herufi, viti vina namba. Safu ya J kulikuwa na kiti kimoja ambacho springi yake ilikuwa imechomoza. Hicho tulikuwa tunawawekea wale wanaochelewa halafu wanatupigia makelele sisi. Mume wangu, kabla hajawa mume wangu, alikuwa tayari kule juu, kwenye kijumba cha taa kilichoning'inia ukuta wa nyuma. Kulipandwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Ile taa ya zamani haikuwa na balbu. Ilikuwa na vijiti viwili vya makaa vinavyokaribishwa ncha kwa ncha mpaka vinatoa moto mweupe, na ilibidi avisogeze kila mara, maana viliisha kama mishumaa. Akishuka ananuka moshi, mikono ina vidoa vya kuungua kama mtu aliyekaanga samaki bila mfuniko.

Nilikuwa nampelekea chai. Ile ngazi siwezi kuipanda na gauni, kwa hiyo yeye aliteremsha mkebe kwa kamba, namimina, anauvuta. Siku moja mkebe ukashuka na peremende ndani. Siku nyingine ua la karatasi, amelikata kwenye zile karatasi za rangi za kuwekea mbele ya taa. Ndivyo nilivyotongozwa mimi, kwa kamba. Shangazi yangu aliposikia akasema, "Huyo hatakusumbua na wanawake, yuko juu muda wote." Loo, shangazi!

Sasa sikia kanuni ya Ghalani, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Wimbo ukiisha, ngoma ya mwisho ikilia, taa inakatwa papo hapo. Mwimbaji anatoka gizani, wa pili anaingia gizani, taa ikirudi watu wanaona mtu mpya kama kaota pale. Meneja alikuwa mkali kwa hilo kuliko kitu chochote. Kwenye taa kulikuwa na kifuniko cha chuma chenye mpini, ukikivuta mwanga unakatika kama umekatwa kwa kisu. Mume wangu alikuwa na mkono mwepesi. Wapiga ngoma walimpenda, walisema huyu ni mwenzetu, tofauti yeye anapiga kwa giza.

Ndipo akaja Chiriku.

Hilo ni jina la utani, na lilimkaa. Mwanamke mwembamba, shingo ndefu, ana pengo dogo mbele. Hakuwa mzuri sana, nikuambie ukweli, na hilo liliniuma zaidi. Mwanamke mzuri unaweza kusema basi, ni sura, itachakaa. Huyu alikuwa anafungua kinywa tu na watu wanaacha kutafuna karanga. Sauti yake ilianzia chini, karibu na ya mwanamume, halafu inapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi amebeba ndoo ya maji na hataki imwagike.

Jumapili yake ya kwanza, dansi la mchana, akaimba, akamaliza. Ngoma ya mwisho ikalia. Mimi nikawasha tochi yangu kama kawaida. Nikainua macho, na taa bado iko kwake! Amesimama pale katikati ya duara jeupe, vinyuzi vya pamba vinamdondokea kama mtu anayenyeshewa manyoya, meno nje. Ilikaa kwake kiasi cha mtu kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha ikakatika.

Nikasema moyoni, imekwama.

Jumapili iliyofuata ikakwama tena. Na iliyofuata. Mwenzangu wa safu za nyuma, ambaye tulimwita Sindano kwa ajili ya ulimi wake, akanisogelea kwenye korido.

"Shoga, taa yenu leo imelala kwa Chiriku."

"Kifuniko kinakwama," nikamwambia.

"Kinakwama kwa Chiriku tu? Mbona kwa yule mzee wa tarumbeta hakikwami?"

"Wewe nenda kaonyeshe watu viti."

"Naenda. Ila mimi ningekuwa wewe ningepeleka mafuta kule juu, nikapake hicho kifuniko. Na mwenye kifuniko."

Nilijikaza kisabuni, nikacheka. Lakini roho iliniuma, mwenzangu. Roho iliniuma mpaka nikampeleka bwana mmoja na mkewe safu ya J, na hawakuwa wamekosa lolote.

Nyumbani nikamngoja anawe mikono, ale, ashibe. Nilifunzwa usimuulize mwanamume akiwa na njaa.

"Baba watoto, ile taa ina ugonjwa?"

"Ugonjwa gani?"

"Inachelewa kukatika."

"Kifuniko kinapata moto, kinatanuka."

"Kinapata moto akiimba nani?"

Akanitazama, akacheka kidogo, akachukua ufagio akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Mume wangu hakuwa msemaji. Ukimbana anatafuta kazi ya mikono. Siku hiyo alifagia, akakaza mguu wa meza, akashona ndala, yote ili asijibu swali moja.

Nikaanza upelelezi wangu. Chiriku akawa na homa, akaletwa mwimbaji mwingine kushika nafasi yake, binti mzuri hasa, kiuno kama nyigu, gauni linametameta. Nikasema leo nitajua: kama ni macho ya wanawake tu, taa italala na huyu pia. Ngoma ya mwisho ikalia, tap! Giza. Binti wa watu hata kuinama hakuwahi. Sindano akanibinya mkono gizani. "Umeona sasa? Si wanawake. Ni mwanamke."

Nililia chooni. Nikanawa uso, nikarudi na tochi yangu.

Lililonichoma zaidi lilikuwa kwamba Meneja alimfokea. Mbele ya bendi nzima, mchana kweupe, wakati wa mazoezi. "Wewe umelala huko juu? Nimekuambia ukate!" Na mume wangu ana kiburi kile cha watu wapole, ukimwinulia sauti hasemi nawe wiki nzima. Lakini siku hiyo alijibu, "Samahani, bosi," na Jumapili ikachelewa tena. Mwanamume anayekubali kufokewa kwa ajili yako, si anakupenda huyo? Mimi hajawahi kufokewa na mtu kwa ajili yangu.

Halafu kulikuwa na habari ya kitambaa. Kioo cha taa kinataka kufutwa kwa kitambaa laini sana, kisichoacha mikwaruzo. Akaniomba. Nikampa kipande cha gauni langu nililovaa nikiwa na mimba ya kwanza, lilikuwa limefuliwa mpaka likawa kama ngozi ya sikio. Nilimpa kwa mapenzi. Nilikuwa nimekaa kibarazani nakata kucha za mtoto siku niliyong'amua: kumbe gauni langu ndilo linalong'arisha taa inayokwenda kwa yule! Niliacha kucha katikati. Wiki ile nilimfungia tambara la gunia.

"Hili litakwaruza kioo," akasema.

"Likwaruze."

Nilijaribu hata kuimba. Usicheke. Nilikuwa napika, nauiga ule wimbo wake wa polepole, nikijua yuko uani anasikia. Akaja mlangoni, akaegemea, nikadhani sasa nimempata. Akasema, "Hapo anapanda, hashuki." Halafu akaondoka zake. Chakula cha siku hiyo kiliungua na alikila hivyohivyo, na sikumwongeza maji.

Na Chiriku mwenyewe? Hatukuzoeana. Alipita karibu nami kila Jumapili, ananukia poda, anasema "Hujambo dada," nami namjibu kwa kichwa. Sikumfanyia ubaya. Nilimtazama tu, lakini nilimtazama kwa nguvu zangu zote.

Akaja kuwa mkubwa, akachukuliwa na bendi ya mbali, sauti yake ikawa inatoka redioni. Nikashukuru, nikasema sasa nimepona. Wapi! Wimbo wake ukipigwa redioni, mume wangu anaacha kutafuna. Tonge liko shavuni, macho yako ukutani. Wimbo ukiisha anavuta pumzi, anaitoa, ndipo anatafuna. Watoto waliona ni kituko, wakamwiga mezani. Mimi nilikuwa nahesabu ile pumzi. Ilikuwa pumzi ileile.

Ghalani nako mambo yakageuka. Bendi zilipungua, zikaja sahani za muziki na taa za rangi zinazojizungusha zenyewe, ile ya makaa ikafunikwa turubai. Mume wangu akawa fundi umeme wa jengo. Ukumbi ukakodishwa kwa kila jambo: harusi, mahubiri, ndondi, mitihani ya shule. Nimewahi kuwaonyesha viti wanafunzi wanaotetemeka, na pembeni ya jukwaa kuna keki ya harusi ya jana. Baadaye paa likaanza kuvuja, likavuja juu ya piano, na siku boriti moja ilipolia katikati ya mkutano watu wakatoka mbio wakaacha viatu. Wakafunga. Likabaki jengo na popo wake wa zamani. Sisi tukapewa mkono wa kwaheri, tukarudi nyumbani kuzeeka.

Ndoa yetu ilikuwa nzuri, usidhani vingine. Tumezaa, tumezika, tumejenga. Lakini katika kila ndoa kuna mahali hapaguswi, na petu palikuwa pale. Halafu mwaka jana macho yake yakaanza kuingia ukungu. Ananiuliza, "Huyo anayekuja ni nani?" na anayekuja ni mwanawe. Nikakaa nikawaza. Macho haya yakifunga kabisa kabla sijajua yalikuwa yakimtazama nani, na kwa nini, nitabaki na hilo swali peke yangu kama mjane. Nilitaka kujua. Kwa uzee huu sikutaka tena kushinda. Nilitaka kujua tu.

Basi ndipo jiji likatengeneza Ghalani upya. Paa jipya, viti vipya, choo kinachojimwagia maji chenyewe. Wakataka kuandika historia ya ukumbi, wakatuletea dada mmoja wa makumbusho, mpole, ana kinasa sauti. Akanihoji habari za safu na herufi, akacheka sana kwa kile kiti cha springi. Alipokuwa anaaga akasema, "Bibi, tutawakutanisha wazee wote wa zamani ukumbini asubuhi moja, kabla ya ufunguzi. Hata Chiriku amekubali kuja."

Mume wangu alikuwa anakula mkate. Akaacha kutafuna.

Nakwambia damu ilinipanda kama nina miaka ishirini! Siku ya kwenda, nikamkuta uani anapiga viatu rangi. Haoni vizuri, kiwi amepaka mpaka soksi.

"Viatu vya nini?" nikamuuliza.

"Si tunatoka?"

"Juzi tulikwenda hospitali, ulivaa ndala."

"Hospitali hawatazami miguu, mama watoto."

"Na huko nani atatazama miguu yako?"

Mjukuu wangu wa kike, aliyekuja kutupeleka, akaziba mdomo. "Bibi, jamani! Na umri huo?"

"Umri umefanya nini? Wivu hauna mvi."

Nilivaa gauni langu la bluu, nikavua, nikavaa la zambarau, nikarudia la bluu.

Ghalani kulikuwa kunanukia rangi mbichi. Matofali wameyaacha yaonekane, maboriti wameyasugua, pamba hakuna hata unyuzi. Pale kilipokuwa choo nilicholilia, sasa wameweka mashine ya kahawa. Kile kijumba cha taa wamekiacha kama ukumbusho, ngazi imekatwa ili watoto wasipande. Taa mpya zimening'inia darini kama mbuzi machinjioni, zinaendeshwa kutoka mezani, nyuma ya viti, na kijana mmoja fundi mwenye heshima zake aliyetuamkia wote kabla hajagusa kitu.

Chiriku akaingia. Sikumjua mpaka alipocheka na nikaona lile pengo. Amenenepa, anatembea kwa fimbo, miwani minene. Akanishika mkono kabla sijajipanga.

"Wewe si ndiye yule wa tochi?"

"Ndiye mimi."

"Wee! Ulikuwa unanikata jicho wewe, mpaka nasahau maneno! Nilikuwa nasema, huyu dada nimemkosea nini? Njoo tusalimiane vizuri, tumebaki wachache."

Nikasema, "Umri umekutunza, dada." Nikasikia Sindano, naye yuko hai bado, anakohoa nyuma yangu kwa makusudi.

Dada wa makumbusho akatukalisha safu ya mbele. Kila mmoja akapanda jukwaani, akaeleza alilolikumbuka. Ilipofika zamu ya Chiriku wakamsaidia kupanda vidato. Alieleza habari za bendi, habari za piano na dirisha, watu wakacheka. Kisha akasema:

"Sasa niseme jambo moja ambalo sijawahi kulisema. Hapa kulikuwa na bwana wa taa aliyekuwa hanipendi."

Mimi nikakaa wima.

"Hanipendi kabisa! Nyie mnajua mtu akimaliza kuimba anataka nini? Anataka giza. Akohoe, ajikune, avute mkanda wa kiatu, jasho limemjaa puani. Wenzangu wote walipewa giza lao. Mimi ananiacha pale nimetoa meno kama mbuzi wa kuchoma! Nilikwenda kwa Meneja nikamwambia, yule bwana ananikomoa. Meneja akamfokea, na Jumapili ananifanyia vilevile. Nililia kwa ajili ya mtu yule. Mpaka leo najiuliza nilimfanya nini. Hivi yuko hai?"

Ukumbi ukacheka. Mume wangu akainua mkono taratibu kama mwanafunzi.

"Ni mimi," akasema.

"Kumbe! Nilikukosea nini, kaka yangu?"

"Hukunikosea kitu, dada yangu. Nisamehe."

"Kama hukukosewa, mbona?"

Mume wangu akainama, akaanza kukifunga kifungo cha shati ambacho kilikuwa kimefungwa. Chiriku akatikisa kichwa, akacheka, akasema, "Basi yamekwisha, ila ningali na kinyongo kidogo," na watu wakapiga makofi, tukaitwa kwenye chai.

Yule niliyemwonea wivu maisha yangu yote alidhani anachukiwa. Basi haikuwa mapenzi ya watu wawili. Lakini upande wa mmoja je? Hilo bado, tena sasa lilinikereketa zaidi, maana mwanamume anayempenda mwanamke asiyejua ndiye mbaya, huyo hapoi.

Wengine walipokwenda kwenye chai, yule fundi kijana alimshika mume wangu mkono. "Babu, njoo ujaribu hii. Kuna moja inasukumwa kwa mkono bado." Akamweka nyuma ya meza, akamshikisha mpini wa taa moja iliyosimama kwenye miguu mitatu. Kijana akapunguza taa za ukumbi, akatuacha. Mimi nilikaa kwenye kiti jirani.

Mume wangu akapapasa mpini, akageuza. Duara la mwanga likaenda moja kwa moja katikati ya jukwaa, likatulia. Mtu haoni uso wa mwanawe, lakini mkono haukukosea. Akakaa hivyo. Nilisikia vikombe vinagongana nje na sauti ya Chiriku inacheka mbali.

"Pale hapana mtu," nikamwambia.

"Najua."

"Chiriku yuko kule anakunywa chai. Sasa unamtazama nani?"

Nikaona mkono wake mwingine unatafuta kitu cha kufanya, unapapasa meza. Nikaukamata. Nikaubana kwenye magoti yangu.

"Leo hufagii," nikasema. "Leo hushoni ndala. Nimekaa na jambo hili tangu ujana wangu. Ulikuwa unampenda?"

"Nani, Chiriku?" Akageuka, akanitafuta kwa yale macho yake. "Mama watoto! Nilikuwa simwezi. Nilikuwa namwonea wivu."

"Wivu gani?"

"Wivu tu."

"Wivu wenyewe naujua mimi kuliko wewe. Eleza."

Akavuta pumzi, akaitoa.

"Siku ya kwanza kuja Ghalani sikuja kutafuta kazi ya taa. Bendi ilikuwa inatafuta mwimbaji. Tulipanga foleni mlango wa nyuma, nimeazima viatu vya kaka. Foleni haijasogea, Meneja akatoka akauliza nani haogopi kupanda juu, maana bwana wa taa kaugua. Nikanyoosha mkono. Nilidhani nikimsaidia ataniita wa kwanza."

"Halafu?"

"Halafu nikapanda. Wakaimba wote, nikawamulika wote. Niliposhuka walikuwa wamekwisha chagua. Meneja akanipongeza, akasema kazi ya juu ni yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungecheka. Mtu mwenyewe masizi mpaka masikioni, anakwambia ni mwimbaji." Mwanga ulikuwa bado pale, haujatikisika. "Wengine walikuwa wanaimba vyao, haikuniuma, nilikata. Yule ndiye aliyekuja anaimba vile ambavyo ningeimba mimi. Palepale ambapo ningepanda, anapanda. Akimaliza, nilikuwa siwezi kukata. Nilijiona kama ninajiziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe."

Kumbe nyumba yetu ilikuwa na wivu wa aina mbili, umelala kitanda kimoja, kila mmoja unageukia ukuta wake, na wote ni wa mwanamke mmoja. Nikahisi nimepona, na papo hapo nikachomwa upya, maana sikuwa nimewahi kumwonea wivu mtu ambaye mume wangu angetaka kuwa. Huyo ningempigaje jicho? Hata kusimama hakusimama popote.

"Basi sema," nikamwambia. "Umezungukazunguka sana. Sema ulichokitaka, nikisikie kwa kinywa chako."

Akaachia mpini. Akajifuta viganja kwenye suruali.

"Nilitaka kuimba," akasema. "Pale. Nimevaa suti, na taa imeshikwa na mtu mwingine."